Haijawekwa

Mwaka jana niliandika sentensi moja fupi kwenye mwongozo wa kampuni ya kukusanya kodi za nyumba. Miezi minne baadaye, kwa sababu ya sentensi hiyo, mama mmoja wa makamo alipata ujumbe kwenye simu: hujalipa kodi, una siku saba uhame. Alikuwa amelipa. Risiti alikuwa nayo mkononi.

Nitaieleza hiyo sentensi. Lakini kwanza nieleze nilipokuwa nimesimama wakati naiandika, kwa sababu mambo haya mawili yameshikana, na mimi mwenyewe nilichelewa kuona yalivyoshikana.

Naishi kwa kuandika. Si vitabu, hapana. Naandika maelezo ya bidhaa, wasifu wa watu wanaotafuta kazi, hotuba za harusi, na miongozo ya kampuni ndogondogo ambazo hazina mtu wa kuandika. Nalipwa kwa ukurasa. Kurasa zikikosekana, nakula chapati na madondo kibandani kwa deni, na mwenye kibanda ananiandika kwenye daftari lake. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, Sayansi ya Kompyuta. Sikufukuzwa. Karo ilichelewa, nikakosa mitihani ya muhula mmoja, nikaambiwa nirudie, nikasema nitarudi Septemba. Septemba ikafika nikiwa na kibarua. Septemba ya pili ikapita nikiiangalia tu. Hakuna siku niliyokaa chini nikasema: leo nimeacha.

Mama yuko Voi, anauza mahamri na samaki wa kukaanga karibu na stendi. Yeye hakujua. Akipiga simu aniulize, "Masomo yanaendeleaje?" mimi namjibu, "Tuko tu, Mama." Hilo si uongo ukilichunguza neno kwa neno. Kwa mihula miwili baada ya mimi kuacha kuingia darasani, alinitumia elfu kumi na nne, kisha elfu kumi na nne tena, zamu yake ya chama na akiba juu. Nililipa nyumba nazo. Nilijiambia nitasema mambo yakinyooka.

Basi kibarua cha mwongozo kikaja. Siku ya kwanza nilipewa fomu nijaze, ndiyo malipo yangu yaingizwe kwenye mfumo. Jina, kitambulisho, nambari ya simu. Halafu: kiwango cha elimu, chagua kimoja. Sekondari. Stashahada. Shahada. Mwanafunzi wa chuo. Nilishika kalamu pale juu ya karatasi kwa muda, kisha nikaruka nikaenda swali linalofuata. Dada wa mapokezi aliipokea fomu bila kuuliza kitu.

*

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kampuni ina programu tatu zinazoongea. Ya kwanza iko kwenye simu ya wakala anayezunguka kwenye ploti, na imeandikwa kwa Kotlin. Ya pili ni seva, imeandikwa kwa Go. Ya tatu iko kwenye ofisi za matawi, inatoa orodha ya waliolipa na wasiolipa, na ni ya Java. Lugha tatu tofauti, na zote lazima zielewane juu ya kitu kimoja: nyumba fulani, mwezi fulani, kodi imelipwaje.

Ili zielewane bila kila mtu kuandika upya kivyake, unatumia skima. Unaandika umbo la data yako mara moja kwenye faili, kisha kuna programu inayosoma faili hilo na kukuzalishia msimbo wa Kotlin, wa Go na wa Java. Msimbo huo ndio unaogeuza data kuwa mfululizo wa baiti za kusafiri, na upande wa pili unazigeuza kuwa data tena. Wao walitumia Protocol Buffers, chombo kilichoanzia ndani ya Google mwaka 2001 na kutolewa kwa umma mwaka 2008.

Mhandisi wao mkuu ni kijana anayenizidi miaka miwili mitatu hivi. Ofisi nzima inamwita Chifu. Alinikalisha, akanionyesha walivyokuwa wakifanya zamani. Rekodi ilikuwa na sehemu inayoitwa aina, ambayo ni maandishi tu, na chini yake sehemu tatu: simu, benki, taslimu. Unajaza moja, unaandika jina lake kwenye aina. Sasa bana, ni nani anakuzuia kujaza mbili? Akanionyesha rekodi moja inayosema aina ni "benki" huku sehemu ya benki iko tupu na ya simu imejaa nambari ya muamala. Huyo amelipa kwa njia gani? Kila programu ilijibu kivyake. Moja ilisoma aina, nyingine ilitafuta sehemu iliyojaa, na mwisho wa mwezi hesabu zilikataa kukutana.

Kwa hivyo wakabadilisha. Faili jipya lilikuwa hivi:

message KodiYaMwezi {
  string nyumba = 1;
  oneof njia {
    Simu simu = 2;
    Benki benki = 3;
    Taslimu taslimu = 4;
  }
}

Hilo neno oneof linamaanisha: mojawapo, na si zaidi ya moja. Ukiweka benki, simu inafutika yenyewe. Kitu hiki wataalamu wanakiita muungano wenye lebo. Si ule wa Tanganyika na Zanzibar. Huu ni muungano wa aina za data: mahali pamoja panapoweza kukaa kitu cha aina hii au cha aina ile, pamoja na lebo inayosema sasa hivi kimekaa kipi.

Ukilelewa nyumba kama yetu, unaelewa haraka. Mama ana kopo moja la Kimbo. Mwezi huu lina sukari, mwezi ujao lina chumvi, siku nyingine lina vifungo na sindano. Kopo ni lile lile. Bila kibandiko, mgeni anaweza kukutilia chumvi kwenye chai. Kibandiko ndicho lebo. Lugha zilizo na muungano mzuri zinaenda hatua moja mbele: haziachi kopo lifunguliwe kabla kibandiko hakijasomwa.

Wazo hili si geni. Pascal ya Niklaus Wirth, ya mwaka 1970, ilikuwa na rekodi zenye sehemu za kubadilika, lakini ungeweza kusoma sehemu isiyo yake na hakuna wa kukukemea. Mwaka 1980, huko Edinburgh, lugha iitwayo Hope ilikuja na namna safi zaidi: unataja aina zako zote, kisha unaandika la kufanya kwa kila moja. Leo Rust inafanya hivyo kwa enumu zake. Una aina tatu na umeshughulikia mbili tu? Kompaila inakataa, inakwambia umesahau moja.

Shida ni kwamba skima ni moja na lugha ni nyingi, na si zote zina kitu hicho. Hapo ndipo msimbo unaozalishwa unalazimika kuigiza. Kwenye Go unapata intafesi, na kila chaguo linafungwa ndani ya kifurushi chake, KodiYaMwezi_Simu, KodiYaMwezi_Benki. Ukitaka kujua kilichomo, unauliza ni kifurushi cha aina gani, na kompaila haitakukumbusha ukisahau kimoja. Kwenye Java unapata getNjiaCase(), inayokurudishia mojawapo ya majina manne: SIMU, BENKI, TASLIMU, na la nne, NJIA_NOT_SET. Yaani njia haijawekwa.

Skima ilitaja aina tatu. Msimbo ulizaa nne. Hiyo ya nne hakuna aliyeiandika. Inakuja yenyewe, kwa sababu lazima kuwe na jibu pale ambapo hakuna kitu.

Na kampuni ilikuwa na mazoea yake. Kila mwisho wa mwezi seva ilituma rekodi moja kwa kila nyumba. Aliyelipa, njia yake imejazwa. Asiyelipa, njia imeachwa tupu. Nilimuuliza Chifu nielezeje ile ya nne kwa vijana wanaoanza kazi. Alikuwa kwenye simu, akanijibu huku amefunika kipaza sauti kwa kiganja, "Weka tu hajalipa." Nikaandika, naitafsiri hapa: Ukipata NJIA_NOT_SET, maana yake mpangaji hajalipa.

Ukurasa ukakamilika. Nikalipwa.

*

Miezi minne ikapita. Kampuni ikaongeza njia mpya: makato ya moja kwa moja kutoka sacco. Kwenye skima ukaongezwa mstari mmoja, Sacco sacco = 5. Programu ya mawakala ikasasishwa, seva ikasasishwa. Programu ya matawi ikaambiwa itasubiri wiki mbili, kwa sababu si chombo chao hiki kinasifiwa kwa kuvumilia matoleo tofauti? Kinavumilia kweli. Hiyo ndiyo iliyotuponza.

Chifu alinieleza jambo hili baadaye kwenye karatasi, na nimelikariri. Sehemu yoyote inaposafiri, inatanguliwa na ufunguo uliotengenezwa kwa nambari yake. Nambari 2, ikiwa na ujumbe ndani, ufunguo wake ni baiti yenye thamani 18. Nambari 3 ni 26. Nambari 4 ni 34. Sacco, nambari 5, ni 42. Kwenye baiti zinazosafiri hakuna mahali popote panaposema kwamba hizi ni za kundi moja. Neno oneof halisafiri. Linabaki nyumbani, kwenye skima na kwenye msimbo.

Sasa fikiria programu ya zamani kule tawini inapokea rekodi. Inakuta 42. Hiyo 42 haijawahi kuisikia. Haipigi kelele, inaiweka kando na sehemu nyingine isizozijua, inaendelea. Halafu inaulizwa: njia ni ipi? Inaangalia 2, hakuna. 3, hakuna. 4, hakuna. Inajibu NJIA_NOT_SET. Kwake yeye, kitu ambacho hakikuwekwa na kitu kilichowekwa ambacho hakijui vinafanana kabisa. Haina namna ya kuvitofautisha.

Nilimuuliza kama wangetumia Rust ingesaidia. Akasema hapana. Kompaila inaweza kukushurutisha ushughulikie kila aina unayoijua siku unapojenga programu. Aina itakayozaliwa baada ya siku hiyo, haiwezi kukuambia. Akaniambia kuna vyombo vinavyofanya tofauti. Cap'n Proto, iliyoundwa na Kenton Varda baada ya kushughulikia toleo la pili la Protocol Buffers, inaandika lebo yenyewe ndani ya ujumbe, kwa hivyo msomaji wa zamani anaona nambari asiyoijua na anajua kwamba haijui. Avro nayo ikikuta tawi ambalo skima ya msomaji haina, inatoa kosa waziwazi. Kila mmoja amechagua aumie wapi.

Lakini mimi sikuwa nimechagua. Kijana mmoja mwanagenzi alisoma mwongozo wangu, akaandika kama nilivyosema: ikiwa NJIA_NOT_SET, tuma ilani. Tarehe 6 asubuhi ilani zikaenda kwa kila aliyelipa kupitia sacco kwenye tawi hilo. Hawakuwa wengi. Walikuwa tisa.

Chifu alinipigia. Sikutegemea atanipigia mimi, nilidhani mimi ni wa kurasa tu. Hakunigombeza. Alisema, "Sentensi ni yako lakini maneno ni yangu. Njoo tupige simu pamoja." Tukagawana wale tisa.

Wengi walikuwa na hasira ya kawaida, ukiomba radhi inapoa. Yule mama hakuwa na hasira. Alikuwa amepakia vyombo kwenye magunia mawili na kumpigia kakake aje na mkokoteni. Nikamwambia, "Mama, samahani sana, ni makosa yetu, hudaiwi chochote." Akanyamaza. Halafu akasema, "Sasa, mwanangu, si mngeniuliza tu?"

Sikuwa na jibu. Nikasema ndiyo Mama, tungekuuliza.

*

Marekebisho Chifu aliyafanya siku hiyo hiyo. Wiki mbili zilizotakiwa zikawa saa moja, matawi yote yakasasishwa. Akaweka sheria kwamba kuanzia sasa wanaosoma wanasasishwa kwanza, wanaoandika baadaye. Na kwenye skima akaongeza mstari mwingine chini ya sacco:

    HajaLipa hajalipa = 6;

Huo mstari niliutazama sana. Ujumbe wa HajaLipa hauna kitu ndani, ni mtupu kabisa. Kazi yake ni kuwepo tu. Maana yake ni kwamba asiyelipa sasa lazima atajwe kuwa hajalipa. Seva haiwezi tena kunyamaza na kutegemea msomaji aelewe. Na NJIA_NOT_SET ikabaki na maana moja tu iliyokuwa nayo kweli tangu mwanzo: mimi msomaji sijui, mtafute mtu umuulize.

Akaniambia niandike ukurasa upya. Niliuandika usiku, kwenye keja yangu, stima imepotea na laptopu imebaki asilimia thelathini. Niliandika: Utupu si jibu. Ukikuta njia haijawekwa, huenda haikuwekwa, huenda imewekwa na wewe huna macho ya kuiona. Usimwadhibu mtu kwa utupu. Ikiwa unataka kusema hapana, iandike hapana, ipe nambari yake.

Nikaisoma tena sentensi ya mwisho. Nikafunga laptopu.

Kwa sababu miaka miwili hiyo nilikuwa nafanya nini na Mama? Namtumia rekodi isiyo na njia. Yeye ana skima yake, ana chaguo mbili anazozijua kuhusu mtoto aliyepelekwa chuo: anasoma, au amemaliza. Nimemwachia nafasi tupu, naye akaijaza kwa ile aliyoitaka, anasoma, na kwa msingi huo akatoa zamu yake ya chama. Nilikuwa najitetea kwamba sijasema uongo. Kweli, sijasema. Seva nayo haikusema uongo juu ya yule mama.

Na si yeye tu. Hata mimi nilikuwa nimeliacha tupu. Kwenye ile fomu niliruka kisanduku nikalaumu fomu, ati haina nafasi ya mtu kama mimi. Ni kweli haikuwa nayo. Lakini hata ingekuwepo nafasi imeandikwa "aliacha," sidhani kama ningeiweka alama. Nilikuwa bado nasubiri Septemba.

Nilimpigia saa kumi na moja asubuhi, wakati anakanda unga. Nilijua atakuwa ameweka simu juu ya ndoo, kwa spika. Nikamwamkia. Nikamwambia, "Mama, niliacha chuo. Ni miaka miwili sasa. Sirudi."

Nilisikia mikono yake ikisimama kwenye unga. Kisha ikaendelea.

"Na ile pesa?"

"Nililipa nyumba."

"Yote?"

"Yote. Elfu ishirini na nane."

"Ile ilikuwa ya chama, unajua."

"Najua, Mama."

"Utarudisha?"

"Nitarudisha. Elfu mbili kwa mwezi."

Akakanda kidogo. "Unafanya kazi gani huko, basi?" Nikamwambia naandika, nalipwa kwa ukurasa. Akauliza ukurasa ni pesa ngapi. Nikamtajia. Akapiga hesabu kwa sauti, akatoa kodi, akatoa chakula, akaona kilichobaki, akasema, "Basi elfu mbili utaweza." Akakata simu, wateja wa kwanza walikuwa wamefika.

Hakunipigia kwa wiki tatu. Sitasema ziliisha haraka.

Ile kampuni imeniongezea kazi nyingine, na fomu ikaja tena, ile ile, visanduku vinne. Mara hii niliandika pembeni kwa kalamu: niliacha chuo mwaka wa tatu. Dada wa mapokezi akaisoma, akauliza, "Sasa hii nitaiingiza wapi kwenye mfumo?" Nikamwambia amuulize Chifu.

Nimetuma mara tatu hadi sasa. Kila nikituma, Mama anajibu kwa ujumbe mfupi, tarakimu tupu bila salamu, maana anaandika kwenye daftari la chama na mimi ananitumia nakala. Wa juzi ulikuwa na maneno kidogo: "Imebaki 22,000. Nimewaambia wenzangu umeacha chuo unaandika. Mmoja ana mtoto anatafuta kazi, utamwandikia wasifu?"

Nimemwambia amtume. Sitamtoza.